Picha Mia Sita na Jina Moja

Mhadhara kwa wapiga picha na wenye studio, Utemini, Singida

 

Nianze na harusi, maana kwa wengi wetu hapa ndiko ada za watoto zinakotoka. Sherehe imekwisha saa sita usiku. Umefika nyumbani, umemwaga memori kadi kwenye kompyuta, umetupa picha zilizotikisika na zile ambazo mtu kafumba macho, zimebaki 640. Hujavua hata viatu, simu inaita. Ni mama mzazi wa bibi harusi. "Mwanangu, hata chache tu, ndugu zetu wa Mwanza wanazisubiri kwenye grupu." Hana kosa. Ameozesha binti yake, anataka watu waone.

Sasa fanya hesabu. Kufungua picha, kuandika jina lako pembeni, kulisogeza likae sawa, kuhifadhi, kufunga, kufungua nyingine: ukiwa mwepesi ni dakika 1. Dakika 640 ni saa 10 na dakika 40. Kutakucha, jua litapanda, na bado hujafika kwenye keki. Kwa hiyo unafanya kama tulivyofanya wengi. Unatuma picha tupu.

Asubuhi picha zako ziko kwenye stetasi za watu usiowajua. Mchana mpambaji wa ukumbi kaweka moja kwenye ukurasa wake na jina lake juu. Fundi wa gauni naye kaweka, na jina lake. Mwoka keki, msusi, MC, kila mmoja kajitaja, na ni haki yao, kazi waliifanya. Jina lisilokuwepo ni la yule aliyesimama mbele yao usiku kucha na kamera shingoni.

Nimeomba kuzungumza jioni hii kuhusu namna ya kulitia jina hilo kwenye picha zote kwa mkupuo, kabla hazijatoka mkononi. Programu za kazi hiyo zipo, nyingine hazidai hata senti. Ila ukiipa mashine kazi ya mkono, usiipe na kazi ya kuamua. Hilo nimelijua kwa hasara, na hasara yenyewe nitawaeleza.

Alama ya namna hiyo vijana mnaiita wotamaki, na vitabu vinasema alama ya maji. Jina limetoka kwenye karatasi. Alama ya zamani kabisa inayojulikana ni ya mji wa Fabriano, Italia, mwaka 1282. Watengeneza karatasi walikunja waya mwembamba ukapata umbo, wakaushonea kwenye chekeche walilochotea rojo. Palipokuwa na waya rojo lilikaa jembamba, na karatasi ilipokauka, ukiiinua kwenye mwanga umbo likaonekana. Toa noti mfukoni uinyanyue kwenye taa: sura ya Mwalimu Nyerere inayojitokeza pale palipo peupe ni ya ukoo huohuo. Alama ile imezaliwa pamoja na karatasi, ingali majimaji. Yetu tunaibandika juu ya picha iliyokwisha kuwa picha. Shikeni tofauti hiyo, nitairudia, kwa sababu udhaifu wote wa alama yetu umelala hapo.

Mimi napenda kuiita chapa. Mtu wa Singida hafundishwi chapa ni nini. Serikali ilipoendesha upigaji chapa wa ng'ombe mwaka 2017, wapo humu ndani walioshika kamba mnyama akichomwa. Swali la kwanza la mfugaji lilikuwa ikae wapi. Ikikaa ubavuni inaonekana toka mbali, lakini ngozi ndiyo imeharibika na mnunuzi wa ngozi haitaki. Ikikaa chini mguuni ngozi inapona, lakini ng'ombe akiingia kwenye majani marefu huioni. Picha ni vilevile. Jina kubwa lililopita kifuani kwa bibi harusi linalinda kitu ambacho hakuna anayekitaka tena. Jina dogo lililojibana kwenye kona, mtu anaikata kona kwa kidole na picha inabaki nzima. Mimi nimekaa na upana wa karibu asilimia 15 ya picha, pembeni chini, lakini limeingia ndani kidogo, mahali ambapo ukilikata unaondoka na kiatu cha bwana harusi.

Baada ya chapa za moto zikaja hereni za kielektroniki. Picha nayo ina hereni yake, yale maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: kamera iliyotumika, tarehe na saa, na nafasi za kujaza jina la mpigaji na anwani yake. Programu za Lightroom na digiKam zinayajaza kwenye picha zote kwa mara moja. Yajazeni. Ila hereni hung'oka. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na maelezo yanafutwa njiani. Ukiituma kama faili yanabaki. Basi chapa iwepo na hereni iwepo.

Waliotutangulia kwenye kazi hii walikuwa na kinga tusiyokuwa nayo. Walikuwa na negativu. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, mteja aliondoka na karatasi na negativu ilibaki studio. Aliyetaka nakala nyingine alirudi. Kabla yake, kwenye mji huohuo, studio ya A. C. Gomes ilichapa jina lake kwenye kadi ngumu zilizobeba picha, na leo kadi hizo zikiibuka kwenye makumbusho ya Ulaya tunajua zilitoka kwa nani. Mohamed Amin alipoanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, kijana wa miaka kama 20 tu, jina hilo lilisafiri na picha mpaka kwenye magazeti ya nje. Sisi tunamkabidhi mteja kila kitu kwenye fleshi, tunafuta kadi, tunakwenda kwenye kazi nyingine. Negativu yetu ni lile faili kubwa la mwanzo ambalo halijaguswa. Naliita picha mama. Na sasa niwaambie nilivyozipoteza picha mama za shule nzima.

Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne. Programu ya mkupuo nilikuwa nimejifunza wiki ileile, na nilikuwa na furaha nayo kama mtoto aliyepewa baiskeli. Ikaniuliza nakala ziwekwe wapi, nikaacha folda ileile. Ikauliza kama iandike juu ya zilizopo, nikabonyeza ndiyo, maana usingizi ulikuwa umenizidi. Dakika chache baadaye picha zote zilikuwa na jina langu na zimepunguzwa mpaka pikseli 1,200 upande mrefu. Kadi nilikuwa nimeshaifuta kwa ajili ya ubatizo wa kesho yake.

Baada ya mwezi alikuja mama mmoja. Alitaka picha ya mwanawe ya ukubwa wa A3, aitundike sebuleni, isiwe na maandishi. A3 inayopendeza inataka pikseli 3,508 kwa 4,961. Mimi nilikuwa na 1,200, na jina langu lilikuwa limelala juu ya mkono ambao kijana alishikia cheti. Nilimweleza ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo ya mwanangu haipo tena?" Ilikuwepo, ndogo, na mkono umefunikwa. Nilimsafishia hiyo kwa ukubwa ulioweza kutoka, na hela sikuchukua. Naliona lile jina langu juu ya cheti cha mtu mpaka leo.

Tangu hapo kila kazi yangu ina folda mbili. Moja inaitwa MAMA, nyingine CHAPA. Programu inasoma MAMA na kuandika CHAPA, na kabla haijasoma chochote, MAMA imeshanakiliwa kwenye diski nyingine inayokaa nje ya nyumba ile. Kinachokwenda kwenye grupu kinatoka CHAPA, pikseli 1,200. Kwenye simu kinang'aa, kwenye karatasi safi hakizidi sentimita 10. Mtu akitaka kukigeuza bango atakuja mlangoni, na huo udogo unawalinda kuliko chapa yenyewe.

Sasa programu. Mwenye kompyuta kuukuu aanze na IrfanView, ambayo Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, aliitoa mwaka 1996. Ni nyepesi, na ina sehemu ya kubadilisha picha kwa mkupuo inayoweza kuongeza maandishi au picha ya nembo. Kwa matumizi ya nyumbani ni bure, kwa biashara ina leseni ya kulipia. Ilipieni. Hatuwezi kulia kwamba tumeibiwa picha huku tunazihariri kwa programu za wizi, na humu ndani wenye Photoshop iliyovunjwa kufuli tunajuana. Asiye na hela ana digiKam na ImageMagick, ambazo ni huru hata kwa biashara. ImageMagick haina vitufe vya kubonyeza, unaiandikia mstari wa amri: nembo ivutwe pembe ya kusini-mashariki, iwe na ufifi kiasi hiki. Ukishaupata mstari wako unauhifadhi, unatumika miaka. Ila ina amri moja iitwayo mogrify ambayo, usipoitajia folda ya kupelekea, inaandika juu ya picha mama bila kuuliza. Mimi yangu iliniuliza, na bado nilipotea.

Wa Lightroom mna kazi ndogo. Jina linatengenezwa mara moja, linahifadhiwa, na linatiwa wakati wa kutoa picha, kwa hiyo picha mama haiguswi kabisa. Ukubwa wake unafuata ukubwa wa picha.

Kwenye Photoshop ndiko watu wanakoumia, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Unarekodi hatua zako kwenye picha moja, kisha unaiamuru izirudie kwa folda nzima. Wengi wakirekodi hulishika jina na kuliburuta kwa kipanya mpaka kwenye kona. Programu haijui kwamba ulikusudia kona. Inakumbuka umbali tu: umesogea pikseli kadhaa kulia, kadhaa chini. Kwenye picha ya kulala, yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, jina linakaa vizuri. Inakuja ya kusimama, 4,000 kwa 6,000, na umbali uleule wa kulia unalitupa jina nje ya ukingo. Unapata harusi ambayo kila picha ya kusimama haina jina, na hujui mpaka zimeshatumwa. Dawa yake ni kuchagua eneo lote la picha, kisha kuiagiza leya ya jina iegemee ukingo wa kulia na ukingo wa chini, halafu irudi ndani hatua chache. Hapo umerekodi kona yenyewe. Ukubwa nao vilevile: jina la pikseli 1,000 ni sehemu ya sita ya picha ya kulala, lakini ni robo ya picha ya kusimama. Tumieni asilimia, au tengenezeni nembo mbili na kuzitenga picha kwenye folda mbili.

Mtego mwingine unatoka kwenye simu. Simu ikishikwa wima mara nyingi inahifadhi picha ikiwa imelala, na ndani yake inaweka maelezo: "ukinionyesha, nigeuze." Programu isiyoyasoma itaandika jina lako kwenye picha iliyolala, na kwenye simu ya mteja jina litapanda ubavuni kama mjusi ukutani. Kabla ya kutia chapa, iagizeni programu izinyooshe picha kwanza.

Rangi, kwa ufupi: herufi nyeupe zinapotea kwenye gauni, nyeusi zinapotea ukumbini usiku. Nyeupe yenye kivuli chembamba cheusi inaonekana kote, hata kwenye shamba la alizeti la saa saba mchana. Na kabla ya kuachia picha 640, jaribuni 5: ya gauni jeupe, ya giza, ya kulala, ya kusimama, na moja ya simu. Hizo tano zikitoka sawa, bonyeza, nenda kaoge.

Liandikwe jina gani? Wengi mnaandika namba ya simu, na naelewa, namba ndiyo inayoleta kazi. Lakini laini hupotea, mtandao hubadilishwa, na picha ya mwaka juzi inabaki ikiwapigisha watu namba ya mtu mwingine. Jina la studio lina umri mrefu zaidi. Tuko Utemini, mahali ambapo jina lake limebeba utemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, jina bado tunaliandika kwenye fomu. Andikeni jina kubwa, namba ndogo chini yake.

Nilisema nitarudi kwenye udhaifu. Mwaka 2017 watafiti wa Google, Tali Dekel na wenzake, walionyesha jambo linalotuhusu sisi wa mkupuo moja kwa moja. Walichukua makundi ya picha zenye alama moja, wakaiachia kompyuta izilinganishe. Picha zinabadilika, alama haibadiliki. Kisichobadilika kikajitokeza chenyewe, kama kiitikio unachokijua kwa kusikia nyimbo nyingi za kwaya ileile. Kompyuta ikiijua alama, umbo lake na ufifi wake, inaitoa na kurudisha kilichokuwa chini. Maana yake ni kwamba kadiri tunavyotumia mkupuo kwa usahihi, jina lilelile, ufifi uleule, ndivyo tunavyomfundisha mwizi mwenye subira. Waligundua pia kwamba kulihamisha jina huku na kule hakutoshi. Kilichosaidia ni kulipinda umbo lake kidogo, tofauti kwa kila picha, kiasi ambacho jicho halioni. Mashine ikijaribu kulitoa inaacha makovu.

Mwenye kujua kuandika amri anaweza kuiagiza ImageMagick ifanye hivyo. Lakini sitawadanganya. Siku hizi zipo programu zinazofuta jina kutoka kwenye picha moja tu na kupajaza palipokuwa na jina kwa kubuni. Chapa yetu ilibandikwa juu, haikuzaliwa na karatasi, na kilichobandikwa hubanduliwa.

Mbona basi ninawahimiza? Kwa sababu ya yule mpambaji. Hakukusudia kuniibia. Hakujua picha ni ya nani. Ilimfikia kutoka kwa shangazi wa bibi harusi, aliyeipata kwenye grupu. Wengi wanaotumia picha zetu ni watu wa namna hiyo, na jina likiwepo hawana shida nalo. Yule mwenye nia ya kufuta hakuanza na chapa na hataishia kwenye chapa. Huyo anataka sheria. Kuna wakati picha yangu ya shamba la alizeti ilionekana kwenye kalenda ya biashara moja. Nilipokwenda kuuliza, waliniambia wameikuta mtandaoni. Sikuwa na jina juu yake, picha mama sikuwa nayo, na niliondoka na kalenda moja ya bure.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haidai uandike jina ili picha iwe yako. Ni yako tangu ilipopigwa, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, imetokana na sheria hiyo. Chapa inawaambia watu tu kwamba una haki hiyo. Picha mama, yenye tarehe na pikseli zake zote, ndiyo shahidi wako siku ya ubishi. Kama umeajiriwa au umepewa kazi na taasisi, soma mkataba kwanza, hakimiliki inaweza kuwa imekwenda kwa mwajiri.

Na sura si yako. Hili nawaomba mlisikie vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamlinda mtu anayetambulika, na picha inamtambulisha mtu kuliko jina. Jina la studio chini ya uso wa binti halikupi ruhusa ya kumweka kwenye bango la mlangoni. Ulizeni wakati wa kupokea kianzio, na jibu liandikwe kwenye risiti ileile: picha zitangazwe au zisitangazwe. Ukiwa na folda mbili zilizokwisha kutengwa tangu mwanzo, mashine haitakosea. Ukiziacha zimechanganyika, itamtangaza aliyekataa, na itafanya hivyo kwa sekunde moja.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo limeanza kuenea hapa mjini. Familia zinatuletea picha za zamani tuziskani: babu akiwa na kanzu, shangazi mbele ya pazia lililochorwa bustani. Tunaziskani, tunazitupa kwenye folda ileile ya kazi, mkupuo unapita, na picha iliyopigwa kabla hatujazaliwa inarudi kwa wenyewe ikiwa na jina la studio yetu. Nimeziona. Nyingine zina jina la mtu aliyeko humu ndani, na najua hakukusudia, alibonyeza tu.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliniletea picha ya ndoa yake, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa mawimbi kama zilivyokuwa zikikatwa. Niliigeuza. Mgongoni kulikuwa na muhuri wa wino wa zambarau, umefifia, herufi nne za mwanzo zinasomeka na zilizobaki zimeliwa na gundi ya albamu. Nikamuuliza kama anamkumbuka mpigaji. Alifikiri sana. Akasema alikuwa mwembamba, alikuja kwa basi, na aliwaambia wasicheke. Niliskani mbele, nikaskani na nyuma, nikaziweka kwenye folda yao peke yao. Nimeiita kwa zile herufi nne, na iko mbali na MAMA na mbali na CHAPA.